Mkopo, Ruzuku au Sanduku Letu: Fedha Ipi Inakifaa Kikundi cha Kujitolea Nchini Uganda?

Kikundi cha watu ishirini na kitu wanaosafisha chemchemi ya kijiji chao kila mwezi bila malipo, pale Busia au Tororo, hufikia siku ambayo majembe na mifagio havitoshi tena: ukuta wa chemchemi umepasuka, na sasa panahitajika saruji, bomba na fundi wa kulipwa. Siku hiyo mkutano huwa mrefu. Mmoja husema waende kwa mkuu wa parishi, ile ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, kwa kuwa fedha za PDM, mpango wa serikali wa mikopo ya parishi, zimeingia. Mwingine amesikia kwamba balozi za Kampala husaidia miradi ya maji. Na mama mmoja aliyenyamaza muda wote huuliza hatimaye kwa nini sanduku la akiba lisifunguliwe. Wote watatu wanataja fedha, lakini kila mmoja anataja fedha yenye tabia yake, na atakayeichukua bila kuijua tabia hiyo atakuja kuijua wakati wa kulipa.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuwa katibu wa kikundi cha kusaidiana misibani, aina ile ambayo Waganda huiita munno mukabi. Tulichukua mkopo wa serikali wa vikundi tukanunua mahema na viti, tukiamini kwamba tutavikodisha na kurejesha fedha ndani ya mwaka. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Kilichotushinda ni kwamba kila aliyefiwa alikuwa ama mwanachama, ama jirani, ama ndugu wa mwanachama, na hakuna kati yetu aliyekuwa na uso wa kumdai mtu kodi ya viti huku maiti ikiwa bado ndani. Mwaka ulipita, tozo ya kuchelewa ikaanza kuhesabiwa, na deni tukalilipa kutoka mifukoni mwetu. Ofisi iliyotukopesha haikuwa na kosa lolote. Sisi ndio tuliochukua fedha ya biashara kwa kazi ya ujirani.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na swali la nani anatoa kiasi kikubwa zaidi. Unaanza na swali la kama fedha hiyo inarudi au hairudi, na kama kazi ya kikundi inaingiza chochote cha kuirudishia.

Fedha zinazorudi

Mpango unaojulikana zaidi sasa ni Mpango wa Maendeleo ya Parishi, yaani PDM, uliozinduliwa na Rais Museveni wilayani Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na fedha hizo huwekwa katika sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi ili zizunguke. Kaya hukopeshwa hadi shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na hupewa muda mrefu wa nafuu kabla ya kuanza kulipa. Kwa masharti ya mikopo tuliyoizoea vijijini, ambako mkopeshaji wa mtaani hutoza kwa mwezi kile ambacho mpango huu hautozi kwa mwaka mzima, hii ni nafuu ya kweli na si ya kubezwa.

Hata hivyo, vikundi vingi vya kujitolea huielewa PDM kinyume. Ni kweli kwamba mwombaji lazima awe katika kikundi cha uzalishaji ndani ya parishi yake, lakini mkopo wenyewe ni wa kaya na huingia mikononi mwa mwenye kaya, mara nyingi kupitia pochi ya simu ya Wendi. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuzifikia kaya ambazo zilikuwa bado nje ya uchumi wa fedha, zilizokadiriwa kuwa asilimia 39, ili zifuge, zilime na kuuza. Kikundi cha chemchemi kikikusanya mikopo ya wanachama kumi na kununulia saruji, kimegeuza deni la kaya kumi kuwa mali ya kijiji kizima, na siku ya kulipa kijiji hakitaitwa. Wataitwa wale kumi kwa majina yao. Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, nadhani walikuwa wamekwisha kuhudhuria mkutano wa namna hiyo.

Mpango wa Ujasiriamali wa Wanawake, unaoitwa UWEP, unafanya kazi kwa namna nyingine. Ulianza katika mwaka wa fedha wa 2015/16 chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na hapa mkopaji ni kikundi chenyewe: wanawake 10 hadi 15, wenye mradi mmoja, akaunti moja na dhamana ya pamoja. Kiwango cha kawaida hakizidi shilingi milioni 12.5. Fedha ikirejeshwa ndani ya miezi 12 haina riba. Ikichelewa, salio hutozwa asilimia 5. Mpango wa Riziki za Vijana, yaani YLP, uliozinduliwa mwanzoni mwa 2014 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 30, uliundwa kwa sura hiyo hiyo, pamoja na sharti kwamba wasichana wasipungue asilimia 30 ya wanachama. Yote miwili ni mifuko ya kuzunguka, ambamo kinachorejeshwa na kikundi kimoja ndicho kinachokopeshwa kingine. Wilaya yenye wadeni sugu haina budi kuwa na foleni ndefu.

Ukiiweka PDM na UWEP ubavu kwa ubavu, PDM humpa mtu mmoja fedha ndogo kwa muda mrefu, na UWEP hukipa kikundi fedha kubwa kwa muda mfupi. Mwaka mmoja bila riba unavutia sana, lakini huo ni mwaka wa kalenda, na shamba lina kalenda yake. Wanawake wanaonunua mahindi wakati wa mavuno, wakayahifadhi na kuyauza miezi minne baadaye, wanaweza kurejesha kwa wakati bila wasiwasi. Wanaopanda kahawa hawawezi, kwa maana mti wa kahawa haujazaa hata buni moja wakati tozo inaanza. Kwa kahawa, muda wa nafuu wa PDM unafaa zaidi, ingawa kila mmoja atasimama peke yake. Kwa cherehani tano za kushona sare za shule, ningechagua UWEP bila kusita, kwa sababu sare zina msimu unaojulikana na wateja ambao hawaombolezi.

Emyooga, mpango wa rais ulioanza 2019 na kusimamiwa na Kituo cha Kusaidia Fedha Ndogo, ni wa watu wenye kazi moja: waendesha bodaboda, maseremala, mafundi wa vyuma, wenye saluni, wachuuzi wa sokoni na wengine wa aina hiyo. Vyama vya parishi vya fani moja huungana kuwa sacco ya jimbo la uchaguzi, na sacco ya kawaida ilianzishiwa mtaji wa shilingi milioni 30. Gawanya kiasi hicho kwa waendesha bodaboda wote wa jimbo zima nawe utaona kwamba pikipiki mpya haitapatikana hapo. Tairi na betri, labda. Nafasi yake ni kwa wenye kazi tayari wanaohitaji msukumo mdogo, na kikundi cha kujitolea kisicho na fani kitapoteza nauli kuifuata.

Kuna pia mikopo ya GROW, mradi wa wanawake wafanyabiashara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 217. Mikopo yake hupitia benki za biashara kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kuanzia shilingi milioni 4 hadi milioni 200. Huo ni mlango wa mwenye biashara inayokua. Nautaja hapa kwa sababu viongozi wa vikundi huelekezwa huko kwa kuusikia jina tu, kisha hurudi wamekata tamaa.

Fedha zisizorudi

Ndani ya serikali zipo ruzuku mbili ambazo hazipigiwi debe vya kutosha. Ya kwanza ni Ruzuku Maalumu ya Taifa kwa watu wenye ulemavu, ambayo hutolewa kwa vikundi vyao, hadi shilingi milioni 5 kwa kikundi, kwa ajili ya miradi ya kujipatia kipato. Si deni. Kikundi chenye wanachama wa namna hiyo kinachokimbilia mkopo kabla ya kuulizia ruzuku hii kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, ngazi iliyo juu ya parishi, kimejidhulumu. Ya pili ni kwa wanaoishi kando ya hifadhi: Mamlaka ya Wanyamapori hurudisha kwa jamii jirani asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa, na kwa sokwe wa milimani (gorila) wa Bwindi na Mgahinga huongezwa dola 10 kwa kila kibali cha kuwatazama. Fedha hupitia serikali za mitaa, na miradi huibuliwa na jamii yenyewe, kwa hiyo kikundi cha Rubuguri au Kihihi kisichohudhuria vikao vya kupanga miradi kitashangaa kuona mbuzi wamegawiwa kwingine.

Nje ya serikali, ulinganisho wenye faida kubwa ni kati ya ruzuku ya Ubalozi wa Japani na Mfuko wa Ruzuku Ndogo wa Mazingira Duniani, kwa kuwa zote mbili zimeundwa kwa ajili ya watu wa ngazi ya chini, ilhali zinapenda vitu vilivyo kinyume kabisa.

Wajapani wanapenda kitu kinachoonekana. Mpango wao wa ruzuku za mashinani, ambao huitwa Kusanone kwao, hujenga madarasa na wodi, huchimba visima, hununua magari ya wagonjwa. Kwa miaka mingi kiwango cha kawaida kilikuwa hadi yeni milioni 10 kwa mradi, kiasi ambacho kwa shilingi zetu huzidi milioni 200. Hautoi mishahara, posho wala gharama za uendeshaji, na mwombaji hutakiwa kuonyesha atakavyokitunza kitu hicho kwa miaka ijayo kwa fedha yake. Huulizwa pia makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, hati ya ardhi isiyo na mgogoro, na rekodi ya kazi iliyokwisha kufanyika. Kikundi changa kabisa hakitapita hapo. Hata hivyo, waombaji wanaokubalika ni pamoja na shule, vituo vya afya na serikali za mitaa, na hivyo kikundi cha chemchemi kinaweza kushirikiana na gombolola, ombi likabeba jina la mwenye rekodi na kazi ikafanywa na wenye mikono. Sharti ni kukubaliana kwa maandishi, tena mapema, nani atashika ufunguo wa pampu.

Mfuko wa Ruzuku Ndogo, unaotekelezwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, hauangalii jengo. Unaangalia mazingira: bioanuwai, mabadiliko ya tabianchi, uharibifu wa ardhi, maji yanayopita mipaka, kemikali hatari. Ruzuku yake kwa kawaida haikuzidi dola 50,000, na miradi mingi hupewa chini ya hapo. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mchango wa jamii huhesabiwa hata ukiwa si wa fedha. Siku ambazo wanachama wamechimba makinga maji, miche waliyootesha, mahali walipopatoa pa kukutania, vyote vinaweza kuandikwa kama mchango wao. Kwa kikundi cha kujitolea, ambacho mtaji wake mkuu ni jasho, hilo ni jambo kubwa, ilimradi jasho liwe limeandikwa. Daftari la mahudhurio lenye tarehe na sahihi lina thamani hapa kuliko barua tamu ya mbunge.

Kikundi cha chemchemi kiende wapi basi? Kikitaka pampu na tangi, kiende kwa Wajapani. Kikitaka kuotesha miti kuzunguka chanzo na kuwazuia ng'ombe wasikikanyage, kiende kwenye mfuko wa mazingira. Nimeona maandiko ya mradi yaliyojaribu kuomba vyote viwili kwa kila mmoja, na hayakuwa na ladha kwa yeyote.

Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za hisani, inatajwa sana mijini, lakini ruzuku zake za kimataifa zinataka bajeti isiyopungua dola 30,000, zihusishe klabu za nchi mbili, na zitanguliwe na tathmini ya mahitaji ya jamii. Kikundi hakiombi chenyewe. Huombewa na klabu. Njia ni kuifahamu klabu ya mji wenu kwanza kwa jambo dogo, kama kambi ya afya ya siku moja. Kwa vikundi vya haki za wanawake, Mfuko wa Maendeleo wa Wanawake wa Afrika, wenye makao Accra tangu 2000, una sifa adimu ya kuwaamini wanawake wapange wenyewe, ingawa ushindani wake ni wa bara zima.

Mfadhili anapofunga mlango

Ruzuku haina riba, lakini ina hatari yake, nayo haiandikwi kwenye mkataba. Mfuko wa Utawala wa Kidemokrasia, DGF, ulioanzishwa 2011 na nchi za Ulaya na kuwa tegemeo la asasi nyingi za haki na msaada wa kisheria, ulisimamishwa kwa agizo la rais mapema 2021. Ukaruhusiwa tena katikati ya 2022. Ukafungwa kabisa mwisho wa mwaka huo. Kisha tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na USAID, shirika lake la misaada, lenyewe halikuumaliza mwaka huo. Wahudumu wa kujitolea waliokuwa wakilipwa nauli kupitia miradi ya UKIMWI waliambiwa wabaki nyumbani kwa ujumbe wa simu. Vikundi vilivyosalia kwenye miguu yao, kwa jinsi nilivyoona upande wetu, vilikuwa vile ambavyo fedha ya mfadhili ilikuwa nyongeza ya kitu kilichokuwapo kabla yake.

Na kitu hicho, mara nyingi, ni sanduku. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopeshana ulioanza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE umeenea Uganda hadi unaonekana kama wa kwetu: watu 15 hadi 30, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa moja hadi tano kila mkutano, na mgawo baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Pembeni huwa na mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Ulinganishe na UWEP: sanduku hutoa kidogo zaidi, na riba yake ni kubwa zaidi, mara nyingi asilimia 5 au 10 kwa mwezi. Lakini riba hiyo hurudi kwa waliolipa, siku ya mgawo. Haliombi andiko wala kitambulisho, na mwanachama hukopeshwa siku ile ile aliyoamka na mtoto mgonjwa.

Udhaifu wake ni mgawo wenyewe. Sanduku likigawanywa mwezi wa Desemba, kikundi kinaanza Januari kikiwa na sifuri, na ndiyo maana halijengi chemchemi. Tiba niliyoiona ikifanya kazi ni kutogawa mfuko wa jamii: hisa zinagawanywa, ule mfuko unavuka mwaka. Wanyankole na Bakiga wenye vikundi vya engozi, ambavyo asili yake ni kubeba wagonjwa kwa machela kushuka milimani, walijua hilo muda mrefu kabla ya sanduku la chuma kufika.

Karatasi, na wasio na kitambulisho cha taifa

Kwa mikopo ya serikali, usajili wa kikundi kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii unatosha, pamoja na katiba, akaunti yenye watia saini na barua ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji. Kwa ruzuku za nje utahitaji zaidi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016 inaitambua asasi ya kijamii kama ile inayofanya kazi ndani ya gombolola, na usajili wake huishia wilayani. Ukitaka kuvuka hapo unaingia kwenye kibali cha taifa, ambacho tangu 2024 kinashughulikiwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani baada ya ofisi ya awali kuunganishwa nayo. Ushauri wangu ni kutopanda ngazi hiyo mpaka mfadhili halisi, mwenye fedha halisi, aidai. Kibali kina taarifa za kila mwaka, na vikundi vidogo huchoka kwa taarifa kabla ya kuchoka kwa kazi.

Wasomaji wengi wa Kiswahili nchini humu ni ndugu zetu kutoka Kongo walioko Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na kwao ulinganisho wote hapo juu hubadilika. PDM na Emyooga ni za raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kuunda vyama visivyo vya kisiasa wala vya faida, na asasi zinazoongozwa na wakimbizi zimesajiliwa wilayani na kupata ruzuku. Mradi wa GROW pia umeweka nafasi kwa wanawake wakimbizi na wa jamii zinazowapokea. Kwa kikundi kinachoanza kambini, hata hivyo, ningeanza na sanduku, kisha daftari la mikutano lililoandikwa kwa miezi sita mfululizo, kisha kuungana na kikundi cha wenyeji kuchunga chanzo kile kile cha maji wanachochota wote. Andiko linalobeba majina ya pande zote mbili husomwa kwa jicho jingine, na chemchemi haiulizi aliyeinama ana kitambulisho gani.

Wale wa Busia niliowataja mwanzoni walimsikiliza mama aliyenyamaza, lakini kwa nusu. Mfuko wa jamii ulinunua saruji mifuko sita na kumlipa fundi kuziba ufa. Suala la pampu limeandikwa na kupelekwa gombolola, likisubiri mwaka wa fedha unaoanza Julai, na wanawake kumi na wawili kati yao wamejaza fomu za UWEP kwa ajili ya biashara ya mahindi, kwa jina la kikundi kingine, chenye akaunti nyingine.